Siku sabini na kitu nikiwinda ukungu wa baharini, kutoka Chwaka mpaka maabara

Siku ya 1

Mama alinikuta sebuleni saa kumi alfajiri nafunga kuluboksi kwa soloteipu, akasimama mlangoni na kanga yake akaniangalia weee, mwisho akauliza, kwa hiyo unapanda boti mpaka Unguja kwenda kutafuta ukungu? Nkamwambia ndio mama. Akasema si ungefungua tu kabati la jikoni, kuna mkate umo humo tangu Jumapili.

Nilicheka lakini hajakosea sana, maana hata ukungu wa Fleming, yule aliyegundua penisilini, mwaka 1928 ulijiingilia wenyewe kwenye sahani zilizoachwa mezani yeye yuko likizo, hakuna aliyepanda boti. Shida ni kwamba makabati na udongo wa bustani vimeshachokonolewa karibu miaka 100 sasa, ukitoa ukungu udongoni leo ukaupima mara nyingi unakutana na kitu ambacho mtu alishakiandika kabla bibi yako hajaolewa. Ndo maana watu wakageukia baharini. Kuna kuvu zinaishi kwenye maji chumvi, kwenye magogo yanayooza mikokoni, ndani ya sponji, kwenye mwani, hadi kwenye tope la chini kabisa, zenye majina tayari ni zaidi ya spishi 1,000 na huko zimebanana na bakteria usiku na mchana wanagombania kipande kilekile cha mti, sasa wewe fikiria, kiumbe hakina miguu hakina meno, lazima kiwe na sumu yake pembeni. Hizo sumu ndo tunazozitaka.

Kwa nini tunazitaka hilo sidhani kama tuulizane. Kila nyumba ina mtu aliyechomwa sindano wiki nzima na kidonda kikabaki vilevile. Makadirio ya mwaka 2019 yalisema watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndo kiwango kilikuwa kibaya kuliko kote.

Basi. Mizigo: mifuko ya zipu, glavu, panga dogo, lenzi ya mkono, chupa za spiriti ya asilimia 70, kibanio, taa ya spiriti, na sahani 80 za petri (visahani vya maabara vyenye mfuniko) nilizozimwagia agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, mwenyewe jana usiku, ndani yake kimea, chumvi ya bahari na kloramfenikoli ili bakteria zisije kufunika kila kitu kabla kuvu haijaamka. Ndiyo, kloramfenikoli ni antibayotiki. Natafuta antibayotiki kwa kutumia antibayotiki, usinicheke, na ikumbuke hii kloramfenikoli maana itanirudia huko mbele.

Boti ya saa moja. Mtoto wa dada niliyekaa naye alichungulia boksi akauliza kama ile ni jeli. Nkamwambia ni jeli lakini usiombe kuionja. Mchana mjini, jioni daladala mpaka Chwaka, gesti chumba kimoja mimi na dada mwenzangu wa maabara, feni moja, kitanda kimoja, boksi tatu. Nimelala kama gogo.

Siku ya 2

Tumekuja na bamvua makusudi, mwezi umeandama juzi. Kwa wasiokaa pwani, bamvua ni zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, huku Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na uzuri wake maji ya bamvua hupwa mida ya saa nne asubuhi hivi, kwahiyo unapata mwanga na tope wazi. Ukija na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, utaishia kuangalia majani tu.

Mzee wetu wa ngarawa alikuwa anatusubiri kavaa kofia ya kiua na suruali imekunjwa magotini. Shikamoo mzee. Marahaba wanangu, n'nyie wa chuo? Ndio sisi. Mnataka miti mizima au iliyooza? Iliyooza mzee, tena iliyooza sana na iwe imekaa majini muda mrefu. Akacheka akasema basi leo mmepata mtu wake, maana kila anokuja hapa anataka mizima.

Nikwambie kitu, nilikuwa nimesoma makaratasi mengi sana kuhusu mikoko ya Chwaka lakini huyu mzee ndani ya saa moja alinifundisha nilichokosa kwenye yote. Sisi tunaandika "mbao ya mkoko" kisha basi. Yeye anakuonesha: huu mlilana, huo unakaa mbele kabisa unapigwa na mawimbi, mti wake ukifa unalainika haraka. Ule mchu. Ule mkandaa, gome lake tulikuwa tunatilia rangi. Muia huo una magoti. Mkomafi tunda lake wazee huchemsha kwa tumbo. Na msikundazi uko nyuma kabisa huko, karibu na maji baridi, mgumu hasa, ukianguka unakaa miaka. Mimi hapo masikio yamesimama. Unakaa miaka? Miaka mwanangu, mie kuna gogo nalijua tangu nna nguvu zangu.

Tukaenda kwenye hilo gogo. Kwenda kwenyewe ndo hadithi, tope mpaka mapajani, kiatu changu kimoja kiko Chwaka mpaka leo na kitaoza vizuri tu huko, labda siku moja kitatoa dawa. Gogo limelala nusu ndani ya maji nusu nje, limetobolewatobolewa na wale wadudu wanaokula ngarawa, na ukipiga lenzi kwenye uso wake unaona vidoti vyeusi vidogo kama ufuta vimezama nusu kwenye mti. Mwenzangu akapiga kelele. Vile vidoti ndo nyumba za mbegu za kuvu, maana yake kuvu iko pale inaishi, inazaa, sio imepita tu na upepo kutoka shambani kwa mtu.

Hilo jambo lina ugomvi wake kwenye fani. Kuvu ikipatikana baharini haimaanishi ni ya bahari. Mvua ikinyesha udongo wote unashuka na mbegu zake, ukichota maji ukayaweka kwenye sahani utapata madude ya kijani yaleyale ya kwenye machungwa. Kuna zile haziwezi kuzaa popote isipokuwa baharini, na kuna zile za nchi kavu ambazo zimejifunza kuvumilia chumvi. Mimi binafsi nataka zile za kwanza. Mwalimu wangu anasema usiwe na ubaguzi, chukua zote. Tutaona nani yuko sahihi.

Tumekata vipande kwenye magogo kumi na kitu, kila kipande na mfuko wake na namba. Kipande cha lile gogo la msikundazi kikaangukia namba 31. Tukachukua na tope kidogo, chini ya mlilana, namba 7.

Maji yalipoanza kurudi tukakaa kwenye ngarawa tunakula muhogo wa nazi. Mzee katafuna weee halafu akauliza bila kuniangalia, sasa hii mkipata dawa, sisi hapa tunapata nini?

Nikameza muhogo haujatafunika. Nikamweleza kwamba kuna makubaliano ya kimataifa ya Nagoya ya mwaka 2010, kwamba anayechukua kiumbe cha mahali lazima apate ruhusa na wagawane faida na wenye mahali, na kwamba kwenye makaratasi yetu ya kibali kuna sehemu imeandikwa wanajamii. Akaniuliza, hao wanajamii n'do mie? Nikasema ndio mzee. Akasema, karatasi hiyo sijaiona. Na kweli hajaiona. Mimi mwenyewe nimeiona mara moja tu wakati wa kusaini. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Siku ya 3

Siku ya kukaa ndani. Ukitoa kipande cha mti baharini una muda mdogo kabla bakteria hazijafanya harusi humo, kwahiyo tumegeuza meza ya gesti kuwa maabara: tumefuta kwa spiriti, tumefunga madirisha, feni tumezima (feni inarusha mbegu za ukungu wa ukutani moja kwa moja kwenye sahani zako), taa ya spiriti katikati, na joto la Machi humo ndani basi tena, jasho linadondoka nageuza kichwa pembeni lisiingie kwenye sahani. Kila kipande unakizamisha kwenye spiriti sekunde chache kuua vya juujuu, unasuuza kwenye maji ya bahari yaliyochemshwa, unakipasua katikati kwa kisu kilichopita motoni, ule upande wa ndani ndo unaulaza kwenye agari. Mara 80. Mgongo umeomba talaka.

Jioni nikatoka kupunga upepo, nikakutana na kina mama wanarudi kutoka kwenye mwani. Mmoja akaniuliza nafanya nini, nikamwonesha sahani kwenye simu, nikamwambia hii jeli yenyewe inatokana na mwani mwekundu. Akashtuka, mwani wetu huu? Nikasema hapana bi mkubwa, huu wenu wa spinosum unatoa jeli nyingine, karajinani, ile ya kuweka kwenye dawa za meno na maziwa, agari inatoka kwa mwani wa aina nyingine. Akasema, hata hivyo bei yake huko kwenu lazima iko juu. Iko juu bi mkubwa. Iko juu sana. Akasema cottonii, mwani wa aina nyingine, ndo ina bei nzuri lakini maji siku hizi yana moto, inakufa. Tukakaa kimya kidogo. Kilimo chao kilianza mwisho mwisho wa miaka ya 80 huku mashariki na kimesomesha watoto wengi, sasa wanahangaika na joto la maji.

Siku ya 4

Mjini. Leo kazi yangu ilikuwa moja na mwenzangu alikataa kunisindikiza: kuchota maji pale mfereji wa maji machafu unapoingilia baharini.

Ngoja nieleze kabla hujaniona mchafu. Mwaka 1945, Sardinia kule Italia, mji wa Cagliari, kulikuwa na profesa wa masuala ya afya anaitwa Giuseppe Brotzu. Taifodi ipo mjini, maji machafu yanamwagwa baharini, vijana wanaogelea humohumo, na yeye akawa anajiuliza mbona hawaumwi kama anavyotarajia. Akahisi kuna kitu kwenye yale maji kinapigana na vijidudu. Akaenda kuchota kwenye mdomo wa mfereji, akatoa kuvu moja, akaiotesha, ikawa inazuia bakteria za aina nyingi ikiwemo ya taifodi yenyewe. Jamaa hana vifaa, vita ndo imeisha, akakamua maji ya ile kuvu hivyohivyo ghafi akawachoma wagonjwa wenye majipu, na wakapata nafuu. Leo ukifanya hivyo utafungwa. Mwaka 1948 akachapisha kwenye kijarida cha chuo chake ambacho karibu hakuna aliyekisoma, halafu kwa kupitia daktari mmoja Mwingereza kuvu ikafika Oxford.

Sasa hapa ndo utamu. Pale Oxford Edward Abraham na Guy Newton wakaanza kuichambua, wakapata dawa ya kwanza, sio yenyewe. Ya pili, ikawa ni aina ya penisilini, sio yenyewe. Wakaendelea kusafisha na mwaka 1953 wakakuta kitu cha tatu, kidogo mno, kimejificha nyuma ya hiyo ya pili kama uchafu uliobaki. Hicho ndo sefalosporini C. Kilikuwa na nguvu ndogo lakini kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini kilikuwa hakikiwezi. Dawa ya kwanza ya ukoo huo ikaingia sokoni 1964. Na zile sindano za unga mweupe kwenye kichupa ambazo nesi anachanganya na maji, seftriaksoni, ambayo hospitali zetu zote inachomwa kama maji ya kunywa, ni mjukuu wa kuvu ya kwenye mfereji wa Cagliari. Watu wanasema ni kuvu ya bahari, mimi nasema nusu nusu, ilitoka baharini kweli lakini penye maji taka, nani ajuaye ilikuja na nini. Ila ndo historia tuliyonayo na ndo maana leo niko hapa nimeziba pua na leso.

Nilichota chupa tatu. Vijana wawili walikuwa wanavua pembeni wakaniuliza dada unapima maji, nikasema ndio, wakasema ni machafu hayo, hata bila kupima tungekwambia.

Usiku urojo Forodhani. Nimenawa mikono mara nne.

Siku ya 5

Boti ya kurudi, bahari imechafuka, sahani zote nimezipakata mapajani zimefungwa na parafilmu, plastiki ya kuzibia, nusu nyingine ziko kwenye boksi na chupa za barafu (barafu isiziguse moja kwa moja, kuvu za hapa kwetu baridi kali haziipendi). Mwenzangu ametapika njia nzima. Mimi sikutapika, nilikuwa na hofu zaidi ya kichefuchefu.

Siku ya 9

Sahani zimeamka. Kati ya 80, zilizofunikwa kabisa na dude la kijani la unga unga ni 22, hizo moja kwa moja kwenye autoklevu, sufuria la mvuke la kuua vijidudu. Nyingine zina rangi ambazo ukimwonesha fundi wa vitenge atazinunua, pinki, kahawia, nyeusi ya mkaa, moja ya njano inayotoa matone ya maji ya dhahabu juu yake kama jasho.

Namba 7, ile ya tope, imekimbia sahani nzima, kijivu cha kibluu. Namba 31 haina kitu. Nyeupe tu kipande cha mti kimelala.

Siku ya 16

Namba 31 ina kitu! Yaani kidogo, kama ndevu za mtoto, weusi weusi pembeni ya kipande. Kuvu za bahari za kweli zinakua taratibu mno, ungekuwa huna subira ungeitupa siku ya 9 na zile za kijani. Nilikaribia kuitupa, nisijisifu.

Nikamwonesha mama picha. Akasema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Sijui alikuwa anaisema kuvu au ananisema mimi.

Siku ya 24

Kipimo cha kwanza, cha bei rahisi. Unapaka bakteria kwenye sahani nzima, halafu unakata kidonge cha agari chenye kuvu unakiweka juu, kesho unaangalia kama kuna duara safi lisiloota kitu. Tumetumia Staphylococcus aureus (Staph, bakteria ya majipu) na E. coli (ya tumboni), za kawaida za maabara. Tumepima kuvu 34.

Siku ya 25

Kwa E. coli: sifuri. Hakuna hata moja. Hii bakteria ina ukuta wa ziada wa nje na pampu za kutema, kila mtu kwenye kazi hii analia nayo na sisi tumejiunga na kilio.

Kwa Staph: sita zina duara. Maji ya mfereji, niliyochota nimeziba pua, nilivyokuwa na ndoto za Brotzu, sifuri kabisa, ukungu wa kwenye machungwa tu. Namba 7 milimita 22. Namba 31 milimita 14, duara safi kama limechorwa kwa bikari.

Nilipima mara tatu kwa rula. Milimita 14. Nikatoka nje nikanunua muwa.

Siku ya 27

Tunapika wali. Sitanii, chakula wanachokipenda kuvu zikitengeneza kemikali nyingi ni mchele: gramu 100 kwenye chupa kubwa la kioo, maji ya bahari kidogo zaidi ya hapo, unaingiza kwenye autoklevu nyuzi 121, ukipoa unaweka kuvu unafunga na pamba, unaacha mwezi mzima bila kugusa. Chupa 10 za namba 7, chupa 10 za namba 31. Mlinzi wa jengo ananusa wali anauliza mnapika nini huko juu na mbona hamkaribishi watu.

Hapa ndo nilipofanya kosa. Chumvi ya bahari ya maabara, ile tunayotengenezea maji ya bahari, iliisha kwenye chupa ya 11. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nikasema ah, kuvu yenyewe imeshazoea sahani, nikamalizia zote za namba 31 kwa maji ya bomba yaliyochujwa. Kunduchi iko hapo, bahari iko hapo, ningechukua bajaji na dumu. Sikuchukua bajaji.

Siku ya 56

Wali umegeuka. Namba 7 imekuwa keki ya kijivu ngumu, namba 31 imefunika mchele kwa weusi mzuri tu, imenona. Tumemwaga ethili asetati, kimiminika cha kuyeyushia kemikali za kuvu, tukaacha usiku kucha, tukachuja, tukakausha kwenye mashine ya kuzungusha. Ethili asetati inanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, natembea nanukia saluni. Mwisho wa yote chini ya chupa unabaki na lami kidogo ya kahawia. Miezi miwili, kiatu kimoja, mgongo, na unachoshika mkononi ni lami ya kujaa kijiko.

Siku ya 58

Vidoti vya karatasi vya milimita 6, tumedondoshea lami iliyoyeyushwa tukaviweka juu ya sahani ya Staph. Namba 7: milimita 25. Namba 31: hakuna kitu.

Nimerudia. Hakuna kitu.

Mwalimu wangu alipiga mluzi kuona namba 7 halafu akanyamaza, akaniambia iweke kwenye nyuzi 45. Ikaota kwenye nyuzi 45 kama iko nyumbani. Akanitazama tu. Kuvu ya baharini haina shughuli yoyote na nyuzi 45.

Siku ya 66

Majibu ya mashine ya kupima uzito wa molekuli yamekuja, sisi hatuna hiyo mashine, tulituma kwa rafiki. Kilima kikubwa kwenye grafu ya namba 7 kina uzito wa 326. Gliotoksini. Inajulikana tangu miaka ya 1930. Inaua Staph vizuri sana, na inaua seli zako za kinga vizuri vilevile, na anayeitengeneza ni Aspergillus fumigatus, ukungu uleule unaopatikana kwenye mbolea ya samadi na unaoingia kwenye mapafu ya wagonjwa. Umeshuka na mvua kutoka shambani ukajificha kwenye tope la mlilana ukingoja niuchote mimi na boksi langu. Mama alikuwa sahihi, ningefungua kabati.

Sikulia. Nilikaa kwenye ngazi.

Siku ya 69

Namba 31 imenikosesha usingizi. Ilikuwa na duara, milimita 14, nina picha. Imekuwaje imenyamaza?

Tukakaa na mwenzangu tukahesabu nini tumebadilisha. Kwanza chumvi, ile Ijumaa yangu. Pili, jirani. Kule kwenye gogo ilikuwa na bakteria pembeni yake kila sekunde, kuna sababu ya kushika panga. Sisi tumeichukua, tumeizungushia kloramfenikoli majirani wote wakafa, halafu tumeihamisha sahani hadi sahani, safi, peke yake, imeshiba wali. Ya nini itengeneze silaha? Kutengeneza hizo kemikali kunakula nguvu, jeni zinazimwa. Hili watu wa fani wanalijua kabisa na mimi nimelisoma kabisa, kulisoma na kulikumbuka Ijumaa jioni ni vitu viwili.

Leo nimechukua bajaji mpaka Kunduchi. Dumu la lita 20.

Siku ya 76

Namba 31 kwenye agari ya maji ya Kunduchi, siku saba: duara limerudi, milimita 9. Hafifu, kama kivuli, bakteria zimepungua lakini hazijaisha. Tukajaribu kuiotesha pamoja na Staph aliyekufa kwa joto ili inuse adui, milimita 10, sijui kama hiyo moja ni ya kweli au ni mkono wangu kwenye rula. Lami haijatosha kupeleka kwenye mashine. Na tulichokosa kabisa ni majirani zake wenyewe, zile bakteria za lile gogo, nilizoziua zote mezani pale gesti.

Nikampigia mzee. Shikamoo mzee, mimi yule wa kiatu. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza lile gogo la msikundazi bado lipo au maji yamelichukua. Akasema lipo, nililifunga kamba siku ileile mlivyoondoka, n'likuona unavyoliangalia. Nikamwambia tunataka kurudi, safari hii tuchukue kila kitu kilichomo, na vijidudu vyake. Akasema bamvua la kushika ni la mwezi ukiandama, njooni na boksi kubwa. Kisha akasema, na ile karatasi ya wanajamii mje nayo, mwanangu mkubwa anasoma vizuri, tutaipitia kabla hatujaingia majini.

Nimeitoa kopi. Ina kurasa 14, za Kiingereza zote. Leo usiku nakaa naitafsiri.